Kufagia Mafaili ya Mama Mdogo

Jumanne, 5 Machi

Mama Mdogo, leo mvua ya kwanza imeanza kunyesha kabla hatujaamka, nami naapa kukuambia kila kitu. Siku ile ukipanda basi ulinilalamikia kwamba barua zangu zina "sote hatujambo" nyingi kuliko habari. Basi nimefungua daftari jipya. Kuanzia leo hadi shule ifungwe nitakuandikia yote, hata yale ya kunitia aibu, kisha nitakutumia daftari zima bila kuchana ukurasa hata mmoja.

Naanza na habari mbaya: wanataka kuifuta programu yako.

Labda hukujua kwamba bado inatumika. Ile uliyoiandika ukiwa mwanafunzi hapa hapa, inayopanga ratiba ya vipindi na zamu za usafi, ndiyo inayotuongoza mpaka leo. Lakini kompyuta ya zamani sasa inakohoa kuliko Bibi, na jana imeletwa mpya. Fundi akahamisha mafaili yako, akabonyeza, mashine mpya ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Ikaandika kwamba nafasi na tabo zimechanganywa mwanzoni mwa mistari na yenyewe haielewi.

"Haya ni magofu," Fundi akasema. "Futeni, niwawekee kitu cha kisasa."

Sisi wa klabu ya kompyuta tulikuwa tumesimama ukutani kama vifagio. Mwalimu wa Taaluma alikunja mikono, akamwangalia Fundi, akaiangalia skrini. Na mimi, ambaye darasani huombwa nirudie jibu kwa sababu halikusikika, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba nijaribu kuisafisha."

Akanigeukia. Unamkumbuka? Yule mrefu, asiyecheka. Akasema, "Una muda hadi mwisho wa muhula. Ratiba ya muhula ujao itoke katika mashine mpya, iwe sawasawa na itakayotoka katika ya zamani. Neno kwa neno. Ikitofautiana hata kwa nukta, Fundi anafuta."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na zamu yenu ya ukumbi isilale."

Zamu yetu ya ukumbi! Sisi wa mkondo wa C ndio tunaofagia ukumbi wa mikutano. Wiki hii, wiki iliyopita, na wiki zote ninazozikumbuka. Maua, maktaba na ubao hupokezana mikondo yote, A hadi D. Ukumbi ni wetu peke yetu, na mvua ikinyesha shule nzima huingia mle na matope ya miguu yote. Tukilalamika, Mwalimu wa Taaluma hutujibu, "Zamu zinapangwa na mashine. Mashine haina mjomba."

Mimi naamini yeye hatupendi tu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Ukumbi. Matope mpaka chini ya jukwaa.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimefungua faili lako la kwanza. Juu kabisa kuna jina lako, herufi zote kamili, kama la mtu anayetaka ajulikane. Chini yake kuna mstari mmoja mtupu. Kisha kazi inaanza.

Nakueleza ninachofanya ili uone kama nakosea. Katika lugha hii uliyoitumia, mashine haijui nini kimo ndani ya nini ila kwa kuangalia mstari umeanzia umbali gani kutoka ukingoni. Kwa hiyo utupu wa mwanzoni ni maneno. Wewe ulisogeza mistari kwa nafasi, nne nne, bila kukosea. Lakini mtu mwingine alikuja baada yako akasogeza kwa tabo, kile kitufe kinachoruka. Kwa macho vinafanana. Ukimwaga maji na mafuta ya taa katika glasi mbili, kwa mbali nani atajua?

Ila kuna kitufe cha kuonyesha visivyoonekana. Nikakibonyeza. Kila nafasi ikawa nukta, kila tabo ikawa mshale. Skrini ikajaa nukta kama vumbi linavyopigwa na mvua ya kwanza. Na mishale ilikuwa kila mahali! Pia kulikuwa na nukta nyingine zilizoning'inia mwishoni mwa mistari, zisizo na kazi. Hizo Redio ameziita mikia.

Redio ni rafiki yangu wa klabu. Humjui. Anaitwa hivyo kwa sababu hazimwi. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nasafisha.

"Mshale, mshale, nukta nne, mkia. Maskini ya Mungu, huyu wa pili alikuwa anakimbizwa na mbwa?"

Jumanne, 12 Machi

Bibi ameniuliza ninachofanya shuleni mpaka narudi nimechelewa.

"Nafuta nafasi, Bibi."

"Nafasi gani?"

"Sehemu ambazo hazijaandikwa kitu."

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo wanakufundisha kufuta kisichokuwepo."

"Ndiyo. Hapana. Ni kwamba zipo, ila hazionekani."

"Wewe mke mwenzangu," akasema, "mimi nimezaa watoto, nimezika mume, sijawahi kuchoka kwa kazi ya kufuta hewa." Akamwita Mama aje asikie. Mama alikuwa kwenye cherehani, sindano mdomoni. Alisema tu, bila kufumbua midomo vizuri, kwamba nguo hujulikana kwa upande wa ndani, na mshonaji anayeacha nyuzi zikining'inia ndani amemwachia shida mshonaji atakayekuja kuipanua.

Mama akawa ameelewa kuliko Fundi.

Alhamisi, 14 Machi

Mafaili mawili yamekubali. Mvua imekatika umeme, yaani umeme umekatika kwa mvua. Nimechoka.

Jumatano, 20 Machi

Wasichana wa A walipita ukumbini tukifagia. Mmoja akakanyaga pale nilipomaliza kupiga deki, kwa makusudi, kisigino kwanza.

"Samahani, Fagio. Si mtafagia tena?"

Tangu habari za mafaili zienee, ndilo jina langu: Fagio. Nafagia ukumbi, nafagia kompyuta. Redio akawajibu kwa ajili yangu, na majibu ya Redio siwezi kukuandikia hata kwa kiapo.

Mwalimu wa Taaluma alisimama mlangoni akaona alama ya kisigino. Alimwita yule msichana, akampa kitambaa, akaondoka. Sijui nilifikirie vipi jambo hilo.

Jumatano, 27 Machi

Niliapa kukuambia ya aibu. Haya.

Nilikuwa nimechoka kukata mikia mmoja mmoja. Nikajifunza kwamba kuna amri moja inayokata mikia yote katika mafaili yote kwa pigo moja. Redio akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia, "Mkia ni mkia." Nikabonyeza. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Tukacheka, tukapigana viganja, tukaiambia programu itoe ratiba kwa majaribio.

Mama Mdogo, mwalimu wa michezo alipangiwa kemia. Mwalimu wa kemia akapangiwa ushonaji, vipindi saba mfululizo. Maktaba ikawa na jina la mtu, na Mwalimu Mkuu akawekwa kwenye zamu ya vyoo.

Redio alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nilicheka, kisha nikaona kwamba Mwalimu wa Taaluma amesimama nyuma yetu, ameushika ule ukurasa, anausoma kutoka juu mpaka chini.

"Mwalimu Mkuu atafurahi," akasema. Akaurudisha mezani taratibu. "Una nakala ya jana?"

"Ninayo, Mwalimu."

"Basi hujafa." Akaenda zake.

Nilipofungua nikaona kosa langu. Orodha yako ya walimu haisomwi kwa mistari, inasomwa kwa kuhesabu herufi. Kila mwalimu umempa upana ule ule, na jina likiwa fupi, nafasi zimejaza pengo. Zile hazikuwa mikia. Zilikuwa viti vya watu wenye majina mafupi! Nilipozikata, kila aliyefuata akasogea mbele akakalia kiti kisicho chake.

Nimerudisha nakala ya jana. Kazi ya wiki nzima imerudi nyuma siku moja tu, lakini nilitembea nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli, kama adhabu.

Alhamisi, 28 Machi

Nilipomweleza Bibi, nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alinyoosha kidole chumbani kwetu, pale ukutani kilipokuwa kitanda chako.

"Pale pana nini?"

"Hapana kitu, Bibi."

"Mama yako alitaka kuweka kabati. Nilimkatalia?"

"Ulimkatalia."

"Kwa nini?"

Nikaugeukia ule ukuta. Akasema, "Si kila patupu ni pachafu. Pengine mtu ameachiwa." Kisha, kwa kuwa ni Bibi, akaongeza, "Sasa nenda kafute hewa ya jikoni, vyombo vimejaa."

Jumanne, 2 Aprili

Nimejiwekea sheria na kuibandika juu ya skrini: UKIFAGIA, USIHAMISHE KABATI. Maana yake, nikisafisha faili nisibadilishe chochote kingine, hata nikiona neno limekosewa. Faili moja kwa siku. Baada ya kila faili natoa ratiba mbili, ya kabla na ya baada, ninazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha mwanga upite, na herufi lazima zilaliane. Siku za mawingu inabidi tusogeze pua kabisa. Redio anasema tunaonekana kama tunaibusu.

Ijumaa, 5 Aprili

Zimelaliana. Tena. Tena!

Sasa naweza kuwatambua nyie wawili bila kuangalia nukta. Wewe unaacha mstari mtupu kabla ya kila jambo jipya, kama mtu anayevuta pumzi. Yule wa pili havuti pumzi. Amebanana, ana haraka, lakini hakuna mahali alipofuta kazi yako. Ameongeza tu pembeni, kama mgeni anayeketi ukingoni mwa kitanda. Na chini ya jina lako, katika mafaili yote, ule mstari mtupu mmoja hajaugusa. Nami sijaugusa.

Jumatano, 10 Aprili

Leo faili la mwisho, lile la zamu za usafi. Nimegeuza kila mshale kuwa nukta nne, kama unavyoonekana kwenye skrini, nikaihamishia programu yote kwenye mashine mpya.

Imekubali! Imekubali, Mama Mdogo! Haikulalamika hata kwa mstari mmoja. Ratiba ya muhula ujao ikaanza kutoka kwenye printa, joto bado, na Redio akapiga kigelegele mpaka mlinzi akachungulia kujua nani anaolewa.

Tukatoa ya mashine ya zamani. Tukakimbilia dirishani. Vipindi vya Jumatatu vikalaliana. Jumanne. Mpaka Ijumaa. Walimu wote kwenye viti vyao.

Ukurasa wa mwisho ni zamu. Maua sawa. Maktaba sawa. Ubao sawa. Ukumbi: chini ya C kulikuwa na kivuli.

Ya zamani inasema C, C, C, C mpaka muhula uishe. Ya kwangu inasema C, kisha D, kisha A, kisha B, kisha C tena.

Redio akanyamaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Ni nzuri lakini, eti? A wanafagia!"

"Si sawasawa," nikasema. "Amesema neno kwa neno."

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika polepole ili uelewe vizuri, maana nilitaka kulia na sasa sitaki.

Nilirudi kwenye nakala isiyosafishwa, nikawasha nukta na mishale, nikasoma faili la zamu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Kuna mzunguko wa wiki. Ndani yake kuna mzunguko mdogo unaopitia mikondo yote minne. Na chini ya ule mdogo kuna mstari unaosema: zamu ya ukumbi isogee moja. Kwa macho, mstari huo umesimama usawa na mzunguko mdogo, yaani uko nje yake. Kila wiki zamu isogee mara moja. Ni haki kabisa. Lakini huo mstari haukuwa na nukta nne. Ulikuwa na mshale mmoja.

Na mashine ya zamani ikiona mshale haihesabu nne. Inahesabu nane! Kwa macho yetu mstari uko nje, kwa macho ya mashine uko ndani, pamoja na ile mikondo minne.

"Kwa Kiswahili," Redio akasema.

Nikapanga viti vinne duara. Nikamkalisha kwenye cha tatu. "Wewe ni zamu. Hiki ni A, hiki B, umekaa C, kile D. Wiki imeisha. Sogea mara moja kwa kila mkondo."

Akainuka. D. A. B. C. Akakaa.

"Wiki nyingine."

D. A. B. C. Akakaa.

"Nyingine."

Aliinuka, akazunguka, akakaa, kisha akanitazama mdomo wazi. "Mimi nilidhani tuna bahati mbaya," akasema. "Kumbe tunazungushwa!"

Ndivyo, Mama Mdogo. Kila wiki zamu ilitembea duara zima na kurudi kukaa pale pale. Haikuwa chuki ya mtu. Nilifikiria mara zote nilizosukuma deki nikimlaani Mwalimu wa Taaluma moyoni. Yeye aliiamini mashine, na mashine ilisoma mshale.

Ijumaa, 12 Aprili

Sasa shida. Nikiugeuza ule mshale kuwa nukta nane, ratiba itakuwa sawasawa na ya zamani, neno kwa neno. Programu yako itabaki. C tutafagia ukumbi milele, na hata wadogo watakaokuja C baada yetu. Nikiugeuza kuwa nukta nne, haki itapatikana, lakini nitakuwa nimevunja sharti, na Fundi atafuta kila kitu pamoja na jina lako.

Tena kuna jambo lililonikaba zaidi. Nikisema kuna kosa, watasema ni lako.

Redio anataka nne na tukae kimya. "Nani atabandika karatasi kwenye dirisha ila sisi?"

Nilimuuliza Mama kwa mafumbo. Nikasema, ukipewa gauni ulirudishe kama lilivyokuwa, halafu ukakuta mkono mmoja umeshonwa vibaya tangu mwanzo, unafanyaje?

Hakuinua macho kwenye cherehani. "Namrudishia lilivyokuwa, kama tulivyokubaliana. Halafu nauweka mkono wake palipo na mwanga, namwonyesha. Gauni ni la nani?"

Jumatatu, 15 Aprili

Nilipanga maneno yangu njia nzima. Mvua ilinyesha kama wanaoimwaga juu wana hasira.

Ofisi ya Mwalimu wa Taaluma ina meza moja, viti viwili na ndoo chini ya sehemu inayovuja. Nilisimama. Nikaweka karatasi mbili mezani.

"Mwalimu, hii ya kwanza imetoka mashine mpya. Ni sawasawa na ya zamani, neno kwa neno, kama ulivyoagiza."

Akazibandika yeye mwenyewe dirishani, hiyo na ya zamani aliyokuwa nayo mezani. Kumbe naye anajua njia hiyo. Akaangalia kila ukurasa. "Ndiyo," akasema. "Umeweza." Akaanza kukaa.

Hapo ningeweza kuondoka, Mama Mdogo. Miguu yangu ilikuwa tayari imegeuka.

"Na hii ya pili," nikasema, "inatofautiana na ya kwanza kwa mstari mmoja tu. Sikuahidi kuitoa. Lakini nimeona kitu, na nisipokuonyesha nitakuwa nimekificha."

Nikamweleza duara, viti vinne na mshale. Sauti yangu ilisikika. Sikuombwa kurudia. Nilipomaliza, maji yalidondoka ndooni, tone, tone, naye akasema:

"Ni faili lipi?"

"La zamu, Mwalimu. Lakini si mkono wa Mama Mdogo, naapa. Yeye hutumia nukta nne siku zote, hata mara moja hajakosea. Huu ni mkono wa mtu mwingine aliyekuja baadaye, na sijui ni nani, na sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya, ni kwamba tu..."

"Ni mimi," akasema.

Sikujua niangalie wapi. Nikaiangalia ndoo.

"Mama yako mdogo aliandika kwa mikondo mitatu. Alipoondoka, shule ikaongeza D, na hapakuwa na mtu wa kuandika. Nikajifunza mwenyewe, kwa kubahatisha, kitufe kwa kitufe. Mstari wake nilioukuta nikauandika upya mahali pale pale. Niliogopa sana kuharibu kitu cha mtoto yule." Akaigusa karatasi ya pili. "Na kila C alipokuja kulalamika nikamwambia mashine haina mjomba."

Kisha akacheka! Mwalimu wa Taaluma! Alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka tena. "Mjomba nilikuwa mimi," akasema.

Nikacheka na mimi, kwa woga kwanza, halafu kweli.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo Fundi atafuta, Mwalimu? Kwa kuwa ya pili si sawasawa?"

"Nilikuambia iwe sawasawa na ya zamani, na umeniletea. Sharti umelitimiza." Akaichukua karatasi ya pili, akaigonga mhuri. "Hii nyingine ni ya kwangu. Mimi ndiye niliyekosea, mimi ndiye ninayerekebisha. Tutatumia hii."

Alhamisi, 18 Aprili

Fundi alikuja. Aliyafungua mafaili, akashuka mpaka chini, akapanda mpaka juu. "Nani kayapanga hivi?" Redio akanisukuma mbele kama mtu anayetoa mbuzi. Fundi akasema, "Nami nina yangu ofisini, yamechanganyika kuliko haya. Ukimaliza shule pita tuzungumze." Hatafuta kitu.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkutano wa kufunga muhula. Ukumbi uling'aa, tulikuwa tumeufagia sisi, kwa mara ya mwisho mfululizo.

Mwalimu wa Taaluma alipanda jukwaani na karatasi yenye mhuri. Hakuzunguka. Alisema kwamba kwa miaka mingi mkondo wa C umefagia ukumbi huu kwa kosa la mstari mmoja, kwamba mstari huo aliuandika yeye, na kwamba umegunduliwa na msichana wa C aliyekuwa na haki ya kunyamaza na hakunyamaza. Kisha akasoma zamu za muhula ujao. Wiki ya kwanza, C, kwa sababu zamu lazima ianzie mahali. Wiki ya pili, D. Wiki ya tatu, A.

C wote, wa vidato vyote, waliinuka kwa pamoja. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Waliimba "Fagio! Fagio!" na jina likawa tamu ghafla. Yule msichana wa kisigino aliniangalia kutoka upande wa A, akajishika kichwa, kisha akaanza kucheka na kupiga makofi na wenzake.

"Nitakufundisha kukamua deki," Redio akamwitia. "Usiogope, ni miaka michache tu, unazoea."

Tulipotoka, Mwalimu wa Taaluma aliniita pembeni mwa mlango. Mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wakiruka madimbwi.

"Aliyefanya kazi huandika jina lake," akaniambia. "Chini ya la mama yako mdogo pana mstari. Andika."

"Wewe mbona hukuandika, Mwalimu?"

"Niliufikia mara nyingi. Kila mara nikaona si wangu."

Jumamosi, 20 Aprili

Jua. Bibi ameanika magodoro yote, hata lako. Mama ananisubiri nimalize ukurasa huu, kwa sababu dereva wa basi ataondoka mchana na amekubali kulibeba daftari. Nimesoma tangu mwanzo, sikuchana kitu.

Jana jioni nilipomwambia Mama maneno ya Mwalimu, alisema, "Andika, mwanangu, unangoja nini?" Bibi akasema, "Muulize mwenye nyumba." Nimekubaliana na Bibi.

Programu yako inaendesha shule kutoka mashine mpya, Mama Mdogo. Kila mstari umekaa mahali pake, kwa nafasi nne nne, kama ulivyoanza. Umesema kwenye simu kwamba siku hizi unapokea wageni hotelini na kwamba mikono yako imesahau. Sidhani. Nimekaa na mikono yako muhula mzima.

Nimefuta nafasi nyingi sana. Nimejifunza pia zipi ni za kuacha. Lakini ile moja hainitoki akilini, ule mstari mtupu chini ya jina lako, katika kila faili, tangu ukiwa na umri kama wangu. Hukuwa mtu wa kuacha mstari bila sababu, kwa hiyo nijibu kwa dereva huyu huyu, anarudi Jumatano: ulikuwa umemwachia nani, na kama hakuna aliyeuomba bado, naweza kuandika la kwangu?